Maswali ya Wasomaji: Hati, Tarehe na Lugha za Waarabu, Waajemi na Waturuki

Safari hii tunajibu wanafunzi wa uzamili na uzamivu wanaotafiti jamii na lugha za Waarabu, Waajemi na Waturuki. Barua tumezifupisha. Swali la tarehe limeulizwa kwa namna nyingi, kwa hiyo limepewa nafasi kubwa kuliko mengine.

Nimehitimu madrasa, Kurani naisoma bila shida na nimepitia vitabu kadhaa vya nahau. Nataka tasnifu yangu ya uzamili ihusu barua za Kiarabu zilizoandikwa Zanzibar karne ya 19. Msimamizi wangu anahofia kuwa Kiarabu changu hakitoshi. Nitajuaje? (Mwanafunzi, Unguja)

Jipime kabla hamjaendelea kubishana. Msahafu una irabu zote na nukta zote. Barua ya mfanyabiashara au karani wa karne ya 19 haina irabu hata moja, na nukta nyingi kaziacha kwa kuwa aliyepelekewa barua alijua kinachozungumzwa. Kwa hiyo kuna ujuzi wa aina mbili hapa, nahau na kusoma mwandiko, na kila mmoja una kipimo chake.

Kwa nahau, chukua habari moja ya gazeti la Kiarabu la leo, isiyo na irabu, uweke irabu kila kitenzi kwa penseli. Ukiweza kueleza kwa nini kitenzi hiki ni cha kutendwa na si cha kutenda, na ukaupata mzizi wa kila neno bila kupapasa, nahau yako inatosha. Kwa mwandiko, chukua nakala ya barua moja na ujaribu kuinakili kwa saa moja. Usipofikia nusu ya maneno, usirudi kwenye vitabu vya nahau. Unachohitaji ni miezi ya kukaa na miandiko.

Anza na barua kumi za mkono mmoja. Wengi huanza na barua kumi za watu kumi, na kila barua inakuwa mwanzo mpya. Mistari ya kwanza ya barua za namna hii ni ya desturi: bismillahi, kisha "ila janabi" na sifa za anayeandikiwa, salamu, halafu "wa baad" ndipo hoja inaanza. Maneno hayo unayajua tayari, basi yatumie kujifunza mkono wa mwandishi: anaikunja vipi kaf, ya ya mwisho anairudisha nyuma au anaishusha, sini yake ina meno au ni mstari tu. Tengeneza jedwali la herufi, kila herufi katika nafasi zake nne, na ubandike vipande vya picha. Ukishalijaza, hoja yenyewe inaanza kusomeka. Palipokushinda acha mabano matupu. Ukibahatisha neno ukalichanganya na yale uliyoyasoma kweli, baada ya mwezi hutakumbuka lipi ni lipi.

Neno likikataa mizizi yote ya Kiarabu, lijaribu kwa Kiswahili. Waandishi wa zamani waliandika p kwa ba, ch kwa shini, g kwa ghaini, na mb mara nyingi kwa ba peke yake. Majina ya mahali nayo yana mitego yake. Pemba, kwa mfano, katika maandishi ya Kiarabu huitwa al-Jazira al-Khadhraa, "kisiwa cha kijani", na asiyelijua hilo atakitafuta kisiwa hicho kwenye ramani nyingine kabisa.

Kamusi ya Hans Wehr itakufaa kwa sehemu kubwa ya barua, ila imepangwa kwa mizizi na msamiati wake ni wa Kiarabu cha sasa. Ya Lane ni hazina kwa maandishi ya zamani, lakini Lane alifariki 1876 akiwa amefika herufi ya qaf, na kilichofuata kimetolewa kwenye maandalizi yake na ni chembamba. Ukiliona neno la kaf au lam limeelezwa kwa ufupi humo, usidhani halina maana nyingine.

Hifadhi ya nyaraka ya Kilimani, Unguja, ndiko pa kuanzia. Hati za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zilizopigwa picha kupitia Endangered Archives Programme ya British Library, ni nzuri kwa mazoezi ya macho, lakini nyingi ni vitabu vya dini vilivyonakiliwa kwa utulivu. Barua ya biashara iliyoandikwa kwa haraka ina mwandiko mwingine. Na usijitwishe barua mia tatu: arobaini za mtu mmoja, zikisomwa sawasawa, ni tasnifu ya uzamili.

Hati ninazosoma zina miaka ya Hijiria, lakini mingine haikubali kanuni niliyofundishwa. Nabadilishaje tarehe bila kukosea? (Mwanafunzi wa historia, Dar es Salaam, maswali yanayofanana yametoka Mombasa na Muscat)

Kwanza jiulize ni kalenda gani. Makosa mengi tunayoyaona kwenye rasimu yanatokana na mtu kudhani kila mwaka wenye tarakimu 13 mwanzoni ni Hijiria ya mwezi.

Hijiria ya mwezi ndiyo utakayoikuta kwenye hati za Kiarabu na katika sehemu kubwa ya hati za Osmani na za Iran ya zamani. Kwa makadirio, zidisha mwaka kwa 0.970224 kisha jumlisha 621.57. Mwaka 1300 unakupa 1882.86, yaani Novemba 1882, na kweli ulianza tarehe 12 Novemba 1882. Lakini uliendelea hadi mwanzoni mwa Novemba 1883, hivyo hati isiyo na mwezi iandike 1300/1882–83. Usichague mmoja.

Maandishi ya msikiti wa Kizimkazi Dimbani yanaonyesha madhara ya kupuuza mwezi. Mwaka ni 500, na kanuni inatoa 1106.68. Mtu wa haraka anaandika 1106. Ila maandishi yanataja Dhulqaada, mwezi wa 11, na miezi kumi baada ya Septemba 1106 tunakuwa katikati ya 1107. Ndiyo maana vitabu vinasema 1107.

Kwa hati za Kiswahili ongeza tahadhari nyingine. Mfunguo Mosi ni Shawwal, Mfunguo Pili ni Dhulqaada, Mfunguo Tatu ni Dhulhija, na Muharram, ambapo namba ya mwaka inabadilika, ni Mfunguo Nne. Anayeanza kuhesabu mwaka mpya kutoka Mfunguo Mosi anasogea miezi mitatu. Mwaka wa Nairuzi wa mabaharia, ule unaosherehekewa Makunduchi kama Mwaka Kogwa, ni wa jua. Asili yake ni Uajemi, na hauingii kwenye hesabu hii.

Siku ya Hijiria huanza magharibi, na mwezi huandama kwa kuonekana, kwa hiyo tofauti ya siku moja au mbili kati ya hati na kikokotoo ni ya kawaida. Hati ikitaja siku ya juma, iamini siku ya juma kuliko namba. Watu hukosea tarehe, lakini Ijumaa ni vigumu kuikosea.

Rumi, au mali, ni kalenda ya fedha na utawala ya Osmani iliyowekwa rasmi 1840. Ni kalenda ya jua yenye miezi ya Juliani, mwaka ukianza 1 Machi. Kuanzia Machi hadi Desemba ongeza 584, Januari na Februari ongeza 585. Kisha ongeza siku 12 kwa karne ya 19, na 13 kuanzia Machi 1900. Jaribu kwa tukio linalojulikana: Waturuki wanaita maasi ya Istanbul "Tukio la 31 Machi". Ni 31 Machi 1325 kwa Rumi. 1325 na 584 ni 1909, ongeza siku 13, ndipo unapata 13 Aprili 1909. Vita vya 1877–78 kati ya Osmani na Urusi huitwa "Vita vya 93" kwa sababu vilianza Aprili ya Rumi 1293. Kwa Hijiria ya mwezi ilikuwa 1294. Hapo unaona mambo mawili: makarani waliacha tarakimu za elfu na mia, na kalenda mbili zilitumika kwa wakati mmoja. Barua rasmi nyingi zina tarehe zote mbili mguuni, na hilo ni neema, kwa sababu moja inaithibitisha nyingine.

Mwaka 1917 tofauti ya siku 13 iliondolewa: baada ya 15 Februari 1332 ilifuata 1 Machi 1333. Tarehe 16 hadi 28 Februari 1332 hazikuwahi kuwapo, na ukizisoma kwenye hati, umesoma vibaya. Mwaka 1333 uliisha Desemba, na 1334 ukaanza 1 Januari 1918, kwa hiyo kuanzia hapo 585 haitumiki tena. Kalenda ya Miladia kamili iliingia Uturuki 1 Januari 1926.

Iran ilichukua kalenda ya Hijiria ya jua mwaka 1925, mwaka ukianza Nairuzi, karibu na 21 Machi. Ongeza 621, kuanzia Januari hadi Nairuzi ongeza 622. Tarehe 22 Bahman 1357 ni 11 Februari 1979. Ukikutana na chapisho la Iran la mwaka 2535 usishtuke: kati ya 1976 na 1978 serikali ya Shah ilihesabu miaka tangu enzi ya Koreshi. Toa 1180, upate 1355. Afghanistan kwa miongo mingi ilitumia miaka hiyohiyo ya jua, lakini miezi ilikuwa na majina ya buruji, Hamal, Thaur na kuendelea.

Kwenye hati za Osmani mwezi wa Hijiria huandikwa kwa herufi moja au mbili: mim ni Muharram, sadi ni Safar, ra na alif Rabiul Awwal, ra peke yake Rabiul Akhir, jim na alif Jumadal Ula, jim Jumadal Akhira, ba Rajab, shini Shaaban, nuni Ramadhani, lam Shawwal, dhal na alif Dhulqaada, dhal Dhulhija. Kialifu kidogo kilichofifia kinaweza kukusogeza mwezi mzima.

Tarakimu zenyewe pia zinadanganya. Katika mwandiko wa mkono 2 mara nyingi ni kindoano tu, na 3 huandikwa kama 2 ya chapa. Ndipo mtu anasoma 1282 palipoandikwa 1283. Tafuta 2 na 3 nyingine za mwandishi yuleyule kabla hujaamua.

Saa pia. Saa za Osmani zilihesabiwa kuanzia kuzama kwa jua, na kwa msomaji wa Kiswahili saa mbili za usiku zinaeleweka papo hapo. Tofauti ni kwamba saa yao ilirekebishwa kila siku jua linapozama, kwa hiyo saa kumi ya mchana katika Juni ya Istanbul na ile ya Desemba zimepishana sana kwa saa za leo.

Katika jedwali lako la hati weka safu mbili: tarehe kama ilivyoandikwa, pamoja na kalenda yake, na tarehe uliyoibadilisha. Ya kwanza usiifute kamwe.

Niko Ankara kwa ufadhili, Kituruki changu ni daraja la C1. Nataka kuandika uzamivu juu ya Dola ya Osmani na pwani ya Afrika Mashariki. Nitasoma hati za Osmani baada ya muda gani, na nianzie wapi? (Mwanafunzi, Ankara)

Kwa masomo ya kila wiki na mazoezi ya kila siku, hesabu miezi sita hadi mwaka kabla ya kusoma barua ya ofisi ya karne ya 19 ukiwa na kamusi mkononi. Kituruki chako cha C1 kitakusaidia kwa viambishi tu. Sheria ya herufi mpya ilipitishwa 1 Novemba 1928, na baada ya chama cha lugha kuundwa mwaka 1932 maelfu ya maneno ya Kiarabu na Kiajemi yalitolewa. Hata Mturuki aliyesoma chuo anaingia darasani kujifunza hizi hati.

Ugumu wa kwanza ni irabu. Kituruki kina irabu nane, na herufi za Kiarabu hazitoshi. Alif, waw na nuni zikiandikwa pamoja zinaweza kuwa on (kumi), un (unga) au ün (sifa). Kaf na lam zinaweza kuwa gel (njoo), gül (waridi) au kel (kipara). Kaf hiyohiyo inabeba k, g, ğ na ile n ya puani ya zamani. Huwezi kusoma neno kwanza ndipo uelewe sentensi. Unaelewa sentensi ndipo neno linasomeka. Na sentensi ya karani wa Osmani inaweza kujaza ukurasa, kitenzi chake kikiwa mwishoni. Tafuta kitenzi kwanza, halafu rudi nyuma. Utitiri wa viambishi usikutishe: sisi tunavipanga mbele ya kitenzi, wao nyuma.

Fuata ngazi hizi bila kuruka. Kwanza chapa: magazeti yaliyotoka baada ya katiba kurudishwa Julai 1908, nusu ukurasa kwa siku ukiuandika kwa herufi za Kilatini. Kamusi ya Şemseddin Sami, Kamus-ı Türki ya 1901, imepangwa kwa tahajia ya zamani na ndiyo inayokufundisha kuandika. Redhouse ya 1890 ni ya maneno ambayo Sami hanayo. Kisha rik'a, mwandiko wa ofisi za karne ya 19, ambamo nukta mbili zinakuwa kistari, tatu zinakuwa kikofia, na sini haina meno. Kisha divani, wa ferman (amri za sultani) na wa mühimme (madaftari ya maamuzi ya baraza lake). Siyakat, mwandiko wa hesabu za hazina, hauna nukta, na una hata namna yake ya kuandika namba. Kama mada yako inautegemea, badilisha mada au tenga miaka miwili.

Kwa hiyo chagua karne kwa kuangalia mwandiko. Amiri Ali Bey, nahodha wa Osmani aliyefika pwani yetu mara mbili miaka ya 1580 hadi Wareno wakamkamata Mombasa mwaka 1589, ni mada tamu. Ila amri za zama zake ziko kwenye divani ya karne ya 16, na upande wa pili wa habari umo katika Kireno. Mahusiano na Zanzibar ya nusu ya pili ya karne ya 19 yanasomeka kwa rik'a. Mwanafunzi mwenye miaka minne aangalie hapo.

Hifadhi ya Osmani imekuwa Kağıthane, Istanbul, tangu 2013. Nenda na pasipoti. Kabla ya safari tumia katalogi ya mtandaoni ya Devlet Arşivleri, na uielewe: unachotafuta ni maneno ya muhtasari ulioandikwa na mtumishi wa siku hizi kwa herufi za Kilatini. Jaribu Zengibar, Zengübar, Zencibar na Zanzibar, kila moja peke yake, kisha Maskat na Umman. Katika majina ya Kiarabu th inakuwa s, dh inakuwa z, kh inakuwa h. Muhtasari unaweza kukosea jina la mtu au la mahali, hasa la mbali kama kwetu, kwa hiyo usiunukuu kama ndiyo hati. Rejea iandikwe BOA (kifupi cha jina la Hifadhi ya Osmani), kisha herufi za fungu, namba ya jalada (dosya), namba ya gamba (gömlek), na tarehe.

Maktaba ya İSAM, Üsküdar, ina nakala za madaftari ya makadhi, na Süleymaniye ni ya miswada ya vitabu. İslâm Ansiklopedisi ya TDV, juzuu 44, inasomwa bure mtandaoni. Ukikutana na cheo au kodi usiyoijua, anzia humo.

Natafuta makala za Kiajemi kwenye katalogi za Iran, napata sifuri. Msimamizi akitafuta neno lilelile analipata. Tatizo nini? (Mwanafunzi, Nairobi)

Kibodi yako. Kwa macho, ya na kaf za Kiarabu na za Kiajemi zinafanana zikiwa katikati ya neno, lakini kwa kompyuta ni herufi tofauti: ya ya Kiarabu ni U+064A na ya Kiajemi U+06CC, kaf ya Kiarabu ni U+0643 na ya Kiajemi U+06A9. Katalogi nzuri huzichukua kama kitu kimoja, nyingine hazifanyi hivyo. Weka kibodi ya Kiajemi, na neno likikataa lijaribu kwa herufi zote mbili, maana rekodi nyingine ziliingizwa kwa kibodi ya Kiarabu.

Sababu ya pili ni nimfasele, alama isiyoonekana (U+200C) inayotenganisha sehemu za neno bila kuacha nafasi, kama kati ya "mi" na kitenzi chake. Mwingine anaiweka, mwingine anaweka nafasi kamili, mwingine anaunganisha. Jaribu zote tatu. Na ukinakili maneno kutoka faili ya PDF, yapitie kabla ya kuyabandika, kwani alama hizo hupotea njiani.

Msimamizi anataka unukuzi wa IJMES, yaani mfumo wa jarida la International Journal of Middle East Studies wa kuandika Kiarabu na lugha jirani kwa herufi za Kilatini, na tasnifu naiandika kwa Kiswahili. Niandike Khadīja au Hadija? (Mwanafunzi wa uzamivu, Zanzibar)

Jina la mtu wa kwetu liandike alivyoliandika mwenyewe au linavyojulikana. Mfumo wa IJMES wenyewe hauweki vistari na nukta kwenye majina ya watu, ya mahali na anwani za vitabu. Unabakiza ain na hamza tu. Alama kamili ni za istilahi. Kwa hiyo msimamizi wako na Kiswahili hawagombani.

Tatizo hutokea pale tasnifu moja inapobeba lugha tatu. Kwa IJMES herufi moja hunukuliwa kwa kufuata lugha ya maandishi: dhal ni dh kwa Kiarabu na ẕ kwa Kiajemi, dhadi ni ḍ kwa Kiarabu na ż kwa Kiajemi na Kiosmani, waw ni w kwa Kiarabu na v kwa wenzake. Kadhi wa Tabriz aliyeandika kitabu kwa Kiarabu utampa mfumo upi? Lugha ya kitabu kwa anwani ya kitabu, lugha ya jamii yake kwa jina lake. Liandike hilo katika dibaji mara moja, wala usilijadili tena.

Kwa ain tumia U+02BF na hamza U+02BE, usitumie alama za kufungua na kufunga maneno, kwani programu huzigeuza yenyewe. Fonti za Gentium na Charis zina alama zote na ni bure.

Je, ninaweza kunukuu kutoka al-Maktaba al-Shamila (Shamela), ile maktaba ya kidijitali ya vitabu vya Kiarabu? Na programu za kusoma miandiko zinaaminika? (Mwanafunzi, Kampala)

Shamela itumie kutafuta. Kitabu chenye alama ya "muwafiq lil-matbu" kina namba za kurasa zinazolingana na chapa, lakini ya chapa gani? Fungua PDF ya chapa hiyo, hakikisha maneno, ndipo unukuu chapa. Vivyo hivyo kwa tovuti ya Ganjoor na mashairi ya Kiajemi: beti la Hafidh lina tofauti za nakala ambazo huzioni pale, na tasnifu ya fasihi inahitaji chapa iliyohakikiwa.

Programu kama Transkribus husaidia ukiwa na rundo la hati za mkono mmoja. Kuifundisha mkono mpya unatakiwa uwe umenakili mwenyewe kama maneno 5,000 hadi 15,000, kwa usahihi. Kwa barua arobaini haina faida; utakuwa umeshazisoma kabla haijajifunza. Kosa lake baya ni lile linalotoa neno sahihi la lugha lisilo la hati, kwa sababu jicho halishtuki.

Nimeambiwa na wakala nilipe ili aniombee ufadhili wa Uturuki. Ni sawa? (Msomaji, Bujumbura)

Hapana. Maombi ya Türkiye Bursları ni bure na yanajazwa na mwombaji mwenyewe mtandaoni, kwa kawaida kati ya 10 Januari na 20 Februari. Uzamili ni kwa aliye chini ya miaka 30, uzamivu chini ya 35. Mwaka wa kwanza ni wa Kituruki. Barua ya nia ndiyo inayowaangusha wengi: wanaisifu Uturuki badala ya kutaja hati, maktaba au mwalimu wanayemfuata.

Nataka kuwahoji wazee wanaozungumza Kiswahili mjini Muscat, walioondoka Zanzibar, na baadhi wana barua za familia. Nijiandae vipi? (Mwanafunzi wa uzamivu, Ulaya)

Vibali kwanza, na viwe vyote. Chuo chako kina kamati ya maadili, Oman ina taratibu zake, na ukija kufuatilia habari hizo huku, Tanzania bara ni COSTECH, Zanzibar ina utaratibu wake, Kenya ni NACOSTI. Kibali cha bara usikipeleke Unguja ukitegemea kitapokewa.

Usianze na 1964. Mzee akiulizwa Mapinduzi katika dakika kumi za kwanza, atakupa maneno ambayo ameshayatoa mara nyingi, au atanyamaza. Anza na mtaa, skuli, madrasa, nani alikuwa jirani. Habari za utumwa na nasaba ni nyeti zaidi hata kuliko siasa, na mara nyingi waliokaa chumba kile ni ndugu wa mama tofauti. Subiri mahojiano ya pili, ya mtu peke yake.

Ridhaa ya kurekodi sauti haiwi ridhaa ya kupiga picha barua. Ziombe mbalimbali, na kwa barua uliza mwenye mamlaka nazo ni nani, kwani anayezitunza huenda si yeye. Hati ya nyumba au shamba usiipige picha kabla hujajua kama kuna kesi ya mirathi. Piga kila ukurasa mbele na nyuma, bahasha pia, rula ikiwa pembeni, na faili iitwe kwa namba ya familia, namba ya barua na upande, jina la familia likibaki kwenye daftari lisilounganishwa na intaneti. Nakala ya picha zote iachie familia kabla hujasafiri, kwenye kifaa watakachoweza kukifungua wao.